Swali si Kama Aliugusa Mpira

Tangu ile robo fainali ya ndondo, mashindano yetu ya soka ya mtaani, ukikaa kwenye baraza lolote la kahawa hapa Tanga mjini, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, kesi inayosikilizwa ni moja. Beki wa kulia alimfukuzia winga aliyekuwa anaingia kwenye boksi kutokea pembeni, akaruka miguu yote miwili, mpira ukatoka nje, winga akabaki chini mguu umepinda katikati ya ugoko. Refa akatoa faulo na kadi ya njano. Kipande cha video cha sekunde chache, kilichochukuliwa na shabiki aliyesimama karibu na kibendera cha kona, kimeshazunguka simu zote, na mji umegawanyika. Wapo wanaosema beki ameonewa hata kwa hiyo njano, kwa kuwa mpira kaugusa yeye kwanza na video inaonyesha. Wapo wanaosema mtu kavunjwa mguu, kwa hiyo ilikuwa nyekundu, na wengine wao wanataka kijana afungiwe maisha. Nimewasikiliza wote, na naona wanagombania swali ambalo silo. Kuugusa mpira hakumsafishi beki, na mguu kuvunjika peke yake hakumtii hatiani. Kinachohukumu ni namna alivyoingia: alikuja kwa kasi gani, kutoka umbali gani, njumu zilielekea wapi, na kama alijiachia nafasi yoyote ya kujizuia. Kwa kipimo hicho ilikuwa nyekundu, na ingebaki nyekundu hata kama winga angeinuka, akajipangusa mchanga na kupiga mwenyewe ile faulo.

Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo na utovu wa nidhamu, imeliweka jambo hili wazi kuliko watu wanavyodhani. Inapanga makosa ya kugombea mpira katika ngazi tatu. Ukiingia kwa uzembe, bila umakini, ni faulo tu na mchezo unaendelea. Ukiingia bila kujali hatari inayomkabili mwenzako, ni njano. Ukitumia nguvu kupita kiasi, au ukahatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu, na sheria inasisitiza kwamba anayemrukia mpinzani kwa namna hiyo hana pa kujitetea, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, awe ametumia mguu mmoja au yote miwili. Isome mstari kwa mstari, hutakuta palipoandikwa kwamba aliyeutangulia mpira ameokoka. Hutakuta pia palipoandikwa kwamba mpinzani akiumia basi kadi ipande rangi. Refa anaulizwa kitu kimoja: huyu mchezaji, katika hali ile, aliingia vipi?

Imani ya kwamba mpira ukiguswa kwanza hakuna faulo haikuzuka hewani, na wanaoitetea wasidharauliwe. Sheria ilivyoandikwa upya mwaka 1997 iliweka kati ya makosa ya faulo ya moja kwa moja lile la kumgusa mpinzani kabla ya kuugusa mpira wakati wa kuunyang'anya. Kizazi kizima cha makocha, waamuzi na watangazaji kilikulia kwenye sentensi hiyo, kikaigeuza: kama kumtangulia mtu ni kosa, basi kuutangulia mpira ni haki. Sentensi yenyewe ilishaondolewa, ila tafsiri yake ya kinyume imebaki midomoni. Kabla ya hapo, hadi katikati ya miaka ya 1990, refa alitakiwa kuamua kama mchezaji alikusudia kumchezea vibaya mwenzake, kana kwamba ana uwezo wa kuingia moyoni mwa mtu. Hilo nalo limeondoka kwenye makosa ya aina hii, lakini bado unalisikia barazani kila siku: "Hakukusudia yule." Huenda hakukusudia. Mimi mwenyewe naamini hakukusudia, maana waliokuwa uwanjani waliona alivyokaa chini ameshika kichwa hata baada ya mechi kuendelea. Sheria ya leo haimuulizi hilo.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na watu waliotaka kuulainisha mchezo kwa ajili ya televisheni, kama wazee wetu wengine wanavyolalamika. Yaliletwa na miguu ya wachezaji. Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi, alicheza mechi yake ya mwisho Mei 1993 akiwa na miaka 28, kifundo cha mguu kimeshaharibika, na miaka miwili baadaye akatangaza kustaafu. Enzi hizo beki aliweza kumkwatua mshambuliaji kwa nyuma mara kadhaa kwa mechi na kuondoka na onyo la mdomo. Kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa mwaka 1998 waamuzi waliagizwa kwamba rafu ya kutokea nyuma inayohatarisha usalama ni nyekundu. Wengi walisema mpira umekufa. Haukufa, na mabeki wazuri walijifunza kusimama, kusubiri na kunyang'anya kwa akili.

Hapa kwetu jambo hili lina mizizi yake. Huu ni mji unaoujua mpira. Coastal Union walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na utani wao na African Sports umewalea watu wengi pale uwanja wa Mkwakwani kuliko madarasa mengi. Katika malezi hayo beki alisifiwa kwa msemo kwamba mpira ukipita, mtu asipite. Nimewasikia wazee wakihadithia mabeki wa zamani kwa namna hiyo na macho yao yaking'aa, na sioni aibu kukiri kwamba hadithi hizo zinanisisimua. Ubeki ni kazi ya ujasiri. Anayeufanya anajua kuwa kosa lake ni goli na hakuna wa nyuma yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba soka ina haki ya kubaki na kugombania kwa nguvu, nakubaliana naye bila kusita. Hoja yenye uzito katika kundi la "kaugusa mpira" ni hii: aliyeufikia mpira kwanza ameonyesha kwamba shabaha yake ilikuwa mpira, na kama tutamhukumu kwa kila kinachofuata, tutawafundisha vijana kuogopa kunyang'anya. Ni hoja ya kweli, lakini inajibu swali la nia, na hilo tumeshaliona kwamba silo linaloulizwa. Shabaha inaweza kuwa mpira na njia ya kuufikia ikawa hatari kwa mwenye miguu iliyo pale pale. Ukiruka kutoka hatua tatu nyuma, miguu miwili iko hewani na njumu zimetangulia, umeshauachia mwili wako uende utakakokwenda. Mpira ukiguswa njiani, hilo ni tukio dogo tu ndani ya safari ile.

Nije kwa kundi la pili, ambalo kwa sasa ndilo lenye sauti kubwa, na lina haki ya kuwa na uchungu. Kijana aliyeumia anabeba samaki Deep Sea alfajiri na kucheza jioni. Mguu wake ndio mtaji wake mara mbili. Lakini kusema "kavunjika, kwa hiyo ni nyekundu" ni kuupima mchezo kwa bahati. Mfikirie dereva wa basi anayelipita lori kwenye kona asiyoona mbele, barabara ya Segera. Akipita salama, amefanya kosa lile lile ambalo angelifanya kama angekutana na gari uso kwa uso. Na dereva mwingine, anayekwenda taratibu na mikono yote kwenye usukani, akirukiwa ghafla na mtu kutoka kichakani, ajali yake ni mbaya bila ya yeye kuwa mbaya. Wote tunaoshinda kwenye mabasi tunalijua hili. Uwanjani tunalisahau pale tunapoona mguu umepinda.

Limewahi kusahauliwa hata na wakubwa. Tarehe 3 Novemba 2019, Goodison Park, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma. Ilikuwa rafu ya kawaida ya kukatisha shambulizi. Gomes akapoteza mwelekeo, akagongana na mchezaji mwingine, Serge Aurier, na kifundo chake kikageuka vibaya sana. Refa alikuwa anaelekea kutoa njano. Alipoona jeraha, akatoa nyekundu. Son alitoka uwanjani akilia. Siku chache baadaye chama cha soka cha England kiliifuta kadi ile. Watu walichukia, wakidhani kuifuta ni kumdharau Gomes. Haikuwa hivyo. Kilichofutwa ni hukumu iliyotolewa na jeraha badala ya kutolewa na kitendo.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo ni Sevilla, nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 8 Julai 1982. Patrick Battiston wa Ufaransa alipenyezewa mpira, akaupiga, na golikipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, akaruka na kumgonga kwa nyonga usoni. Battiston alizimia, akang'oka meno, uti wa mgongo ukapata madhara. Mpira ulikuwa umetoka nje, na refa akaamuru goli kiki. Hakuna faulo, hakuna kadi. Ujerumani wakashinda kwa penalti, na Schumacher alizuia mbili. Macho ya refa yalifuata mpira, na mpira haukuwa na la kumwambia kuhusu mwili wa mtu uliokuwa angani. Ukilitazama tukio lile leo huhitaji kuyahesabu meno ili ujue ni nyekundu. Inatosha kumwona golikipa alivyokuja.

Lipo jambo moja ambalo kundi la pili wanalisema vizuri zaidi, na wanaobishana nao hawalijibu. Wanasema: hata mahakamani matokeo yana uzito, aliyemjeruhi mtu haadhibiwi sawa na aliyemkosa. Hapa inafaa tutazame mchezo ambao umebishania jambo hili kwa muda mrefu, yaani hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Sisi tunaijua zaidi ile ya uwanja wa kawaida, na timu ya Tanzania ilikwenda nayo Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 ikashika nafasi ya 6 kati ya timu 6. Ile ya barafuni ni mchezo mwingine kabisa. Wanateleza kwa kasi kubwa juu ya vyuma, na kumkumba kwa bega mwenzako mwenye kile kisahani wanachogombea badala ya mpira ni halali. Ni sehemu ya ufundi, inafundishwa na kushangiliwa. Kwa hiyo mashabiki wao wanapobishana juu ya mtu aliyegongwa akaumia, hawawezi kukimbilia jibu rahisi kwamba kugonga ni kosa. Inabidi waulize aligongwaje.

Tarehe 7 Machi 2010 Matt Cooke wa Pittsburgh alimgonga Marc Savard wa Boston kichwani kwa bega, kutoka upande ambao Savard hakuwa anautazama. Savard alipata mtikisiko wa ubongo uliofuatwa na mwingine baadaye, na uchezaji wake uliishia hapo. Cooke hakupewa adhabu yoyote. Kitabu cha sheria hakikukataza bega kutua kichwani, na ligi ikasema hivyo hivyo waziwazi. Ndani ya mwezi ule ule ligi hiyo, NHL, ilianza kuyaadhibu mapigo ya namna ile, na msimu uliofuata ikawa na kanuni kamili, ya 48. Angalia walichokiandika. Hawakuandika kwamba anayejeruhi ataadhibiwa. Waliandika namna ya kugonga isiyokubalika: kutokea asikoona mtu, kichwa kikiwa ndiyo shabaha. Mwaka 1 baadaye wakaunda idara ya usalama wa wachezaji, ambayo kila ikimfungia mtu hutoa video fupi inayoeleza alikosea wapi. Katika kupanga idadi ya mechi, idara hiyo hutazama historia ya mchezaji na pia kama mpinzani aliumia. Raffi Torres alifungiwa mechi 25 mwaka 2012 kwa kumgonga Marian Hossa, zikapunguzwa kuwa 21 baada ya rufaa. Mwaka 2015 akarudia kwa mwingine, akapewa 41, nusu ya msimu mzima. Hapo ndipo matokeo yanapopata nafasi yake halali. Kwanza unathibitisha kosa kwa kutazama kitendo. Ukishalithibitisha, jeraha linaweza kuongeza uzito wa adhabu. Ukianza na jeraha ukarudi nyuma kutafuta kosa, utampata mwenye hatia kila mara, hata pale ambapo hayupo.

Na kwa nini tujali utaratibu huu kwenye ndondo ya mtaani, isiyo na idara wala kamera? Kwa sababu hukumu isiyoeleweka huzaa kisasi. Hilo nalo hoki ya barafuni imelifundisha kwa bei kali. Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimgonga Markus Naslund, nahodha wa Vancouver, akamuumiza kichwa. Waamuzi hawakutoa adhabu, ligi ikapitia tukio na kuona hakuna cha kumfungia. Vancouver na mashabiki wao hawakuridhika, na kwa wiki kadhaa maneno ya kulipa yalisemwa hadharani. Tarehe 8 Machi, timu zilipokutana tena, Todd Bertuzzi wa Vancouver alimfuata Moore kwa nyuma, akampiga ngumi na kumwangukia barafuni. Moore alivunjika pingili za shingo na hakucheza tena maishani. Bertuzzi alikiri kosa la shambulio mahakamani, na kesi ya fidia iliendelea mpaka ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2014, miaka 10 baadaye. Watu wawili waliharibiwa na ubishi uliobaki bila hukumu yenye maelezo.

Ninayasikia maneno ya namna hiyo hapa sasa hivi. Timu hizi mbili zitakutana tena kwenye ligi ya wilaya, na vijana wa upande wa winga wanasema bila kuficha: "Tutakutana, na yeye ana miguu." Wengine wanacheka wanaposikia. Mimi sicheki. Beki yule ana miaka 20 hivi, anaishi mitaa michache tu kutoka kwa aliyemvunja, wanaswali msikiti mmoja. Akipigwa buti la makusudi katika mechi hiyo, tutarudi barazani na video nyingine, na safari hii neno "hakukusudia" halitakuwepo.

Tukiwa kwenye video: wengi wanaitazama ile iliyopunguzwa kasi, na hapo ndipo hukumu nyingi zinapoharibika. Mwendo ukipunguzwa, mtu anaonekana kama alikuwa na muda wa kufikiri ambao hakuwa nao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wanaotazama tukio kwa mwendo wa pole huona makusudi zaidi kuliko wanaolitazama kwa kasi yake halisi. Ndiyo maana utaratibu wa VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, unataka mwendo wa pole utumike kujua mguu uligusa wapi, na kasi ya kawaida itumike kupima ukali wa rafu. Mashabiki wetu wamefanya kinyume: wanatumia mwendo wa pole kwa yote mawili. Kundi la kwanza wanausimamisha pale njumu inapougusa mpira na kutangaza ushindi. Kundi la pili wanausimamisha pale mguu unapopinda. Itazame mara moja kwa kasi yake, bila kusimamisha. Utaona beki aliyechelewa, akaamua kuruka kutoka mbali, mguu wa pili ukija juu ya wa kwanza kama mkasi, na hakuna sehemu ya mwili wake iliyobaki chini ya kumwezesha kusita. Mpira aliugusa, kweli, kwa ncha ya kiatu. Kilichobaki chote kilitua kwenye ugoko wa mwenzake.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni ile ya kwamba mpira ni mchezo wa wanaume na asiyetaka kuumia akacheze bao. Inasemwa na watu waliokaa nje ya chaki. Sijaisikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuvunjika. Kuumia kupo katika soka kwa sababu miili inakimbia na kugongana, na kila anayevaa jezi amekubali hatari hiyo. Alichokubali ni hatari ya mchezo unaochezwa ndani ya sheria zake. Hajakubali kila kitu kinachoweza kumpata ndani ya mistari minne. Kama kukubali kucheza kungekuwa kukubali yote, kusingekuwa na haja ya refa wala kadi. Na wanaosema hivi wasidai kwamba dunia ya soka inawaunga mkono. Ben Collett, kijana wa akademia ya Manchester United, alivunjwa mguu mahali pawili katika mechi ya akiba dhidi ya Middlesbrough mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Klabu ya aliyemvunja ilikubali kubeba dhamana, na mwaka 2008 mahakama ikampa fidia ya zaidi ya pauni milioni 4 kwa maisha ya soka aliyonyang'anywa. Hakuna aliyemwambia akacheze bao.

Kuhusu kufungiwa maisha nina machache. Martin Taylor wa Birmingham alipomvunja mguu Eduardo wa Arsenal Februari 2008, kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, alitoka uwanjani akisema beki yule asicheze tena kamwe. Jioni ile ile aliyafuta maneno yake. Taylor alifungiwa mechi 3, ambazo ndizo adhabu ya kawaida ya England kwa nyekundu ya aina hiyo. Kijana wetu anastahili kufungiwa, na kwa kuwa kosa lipo na madhara ni makubwa, sitashangaa ikizidi mechi 3. Kumfukuza kwenye mchezo ni jambo jingine, na anayelitaka aseme ni beki gani mwingine wa mtaani, aliyewahi kuruka vile na kumkosa mtu kwa inchi, naye atafukuzwa. Hatabaki mtu.

Sasa kuna sehemu ya kadhia hii ambayo haizungumzwi kabisa barazani, nami naiona nzito kuliko rangi ya kadi. Winga yule alipovuliwa soksi, ndani yake kilitoka kipande cha boksi la katoni, kimekatwa kwa kisu kufuata umbo la ugoko, kimelowa jasho hadi kimekuwa laini kama mkate ndani ya chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa shingadi yake, yaani kinga ya ugoko. Sheria ya 4 ya soka inataja shingadi kama vazi la lazima, sawa na jezi, bukta, soksi na viatu, na inataka ziwe za kitu kinachoweza kukinga. Refa ana wajibu wa kukagua kabla ya filimbi. Kwenye ndondo zetu ukaguzi ni kuangalia rangi za jezi zisifanane. Siwezi kusema shingadi nzuri ingeuokoa mguu ule, kwa buti la namna ile huenda isingeuokoa. Lakini ni wachezaji wangapi kati ya 22 walikuwa na kitu cha maana ndani ya soksi? Kwa niliyoyaona pale pembeni wakati wa kubadilisha wachezaji, wachache mno. Halafu baada ya kuanguka, vijana wenye huruma walimnyanyua, mmoja kashika mabega, mwingine kashika miguu, wakampakia kwenye bajaji mguu uliovunjika ukining'inia nje. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba mguu kama ule haunyooshwi na mtu asiyejua, kwamba hufungwa kwenye ubao kuanzia juu ya goti hadi chini ya kifundo kabla ya kumsogeza, na kwamba mgonjwa asinyweshwe soda njiani kwa kuwa huenda akapelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Ubao ulikuwepo pale pale. Ulikuwa umeandikwa matokeo ya makundi.

Gharama za matibabu zinachangishwa kwa simu, mia tano na elfu, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawana. Wenye mashindano walikuwa na fedha ya ng'ombe wa bingwa, fedha ya spika na fedha ya mtangazaji. Sisemi haya kumlaumu mtu. Ndivyo tulivyozoea kuandaa ndondo mji mzima. Lakini mashindano yanayoweza kununua ng'ombe yanaweza kununua jozi 22 za shingadi zikabaki mali ya uwanja, zikavaliwa na kila timu inayoingia. Yanaweza kumlipa nauli mhudumu mmoja wa afya akae kwenye benchi na bandeji na ubao. Yanaweza kutenga sehemu ya kiingilio cha kila mechi kwa ajili ya atakayeumia, ili asianze kuombewa akiwa kitandani. Hayo ndiyo masharti ambayo chama cha soka cha wilaya kingeyaweka kwenye kibali cha kila ndondo kuanzia sasa, na kukataa kutoa kibali yasipotimizwa.

Na kabla ya ligi ya wilaya kuanza, chama kikae na refa aliyechezesha, kiitazame ile video kwa kasi yake ya kawaida, kisha kiandike ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: beki alikosea nini, kwa nini njano haikutosha, amefungiwa mechi ngapi na kwa msingi upi. Ukurasa huo utumwe kwenye makundi yale yale ya simu ambamo video imezunguka, na usomwe mbele ya timu zote mbili, manahodha wakiwa wamesimama pamoja. Refa atakayepangiwa mechi yao awe mzoefu kuliko wote waliopo, na aingie uwanjani dakika 20 kabla, akague soksi moja baada ya nyingine.